Kuwamba

Maji ya kisima chetu hayafai.
Yana munyu; sabuni huganda ndani yake
kama maziwa ya jana.
Kwa hivyo tangu alfajiri namngoja Kazungu na mkokoteni,
mitungi miwili ya maji matamu, shilingi mia,
na maneno ya bure juu yake:
"Mama, maji yote haya ni ya kufulia matundu?"

Ni ya kufulia matundu.

Shali yenyewe, ungeiona sasa usingeitaka.
Imejikunyata kama mchicha uliosahauliwa juani,
yanuka karafuu za kabati na jasho la watu wawili:
langu, na la mama mkwe.

Bi Shekue alianzia ncha ya kushoto.
Alifuma akihesabu kwa midomo, bila sauti,
na ukimsemesha katikati ya safu
alikuinulia kidole kimoja, kile kile cha tahiyatu.
Alifika safu ya mia na nne.
Siku tuliyokunja godoro lake
nilizikuta sindano zimo bado ndani ya uzi.

Nikaendelea mimi.
Mkono wake ulikaza. Wangu hulegea,
hata chapati zangu zasema hivyo.
Pale mikono ilipopokezana, shali imefanya bonde.

Naizamisha. Sifikichi, sisokoti.
Naikandamiza kwa viganja
kama umtulizavyo mtoto aliyelala
asije akajua kwamba waondoka.
Maji yageuka rangi ya chai.
Miaka sita ya vidole vyake yatoka polepole,
nami dakika nzima nashindwa kuyamwaga.

Kisha nayamwaga, kwenye mrehani.

Naikunja ndani ya taulo, naikanyaga kwa miguu mitupu.
Lakini kuwamba kwataka watu wawili,
na nyumba hii ina mmoja na nusu,
na nusu yenyewe iko chini ya kitanda yatafuta gari lake la plastiki.
Ndipo nikampigia simu wifi yangu Thuweiba,
ambaye tangu igawanywe nyumba ya Kibokoni
salamu zetu hupitia kwa watoto.

Akaja. Hakuvua buibui.
Akashika ncha ya mamake.

Godoro tulilitandika darini.
Pini arubaini na mbili, zote za shaba;
za chuma hushika kutu hujamaliza bismillahi,
hewa yetu hula hata makufuli.

Kila mwamba ngoma, walisema, ngozi huivutia kwake.
Nasi tukavuta.
Yeye kwake, mimi kwangu,
kwa nguvu ambazo hazikuwa za shali,
mpaka uzi ukalia, *tik*, mara moja tu,
tukasimama kama wezi waliomulikwa.

Haukukatika.

"Legeza," akasema.
"Tulegeze," nikasema.
Maneno ya kwanza hayo tangu mwezi wa Rajabu.

Tukavuta tena, shibiri kwa shibiri,
na matundu yakafumbuka:
kwanza vijani, kisha vidirisha,
halafu ile safu ya mawimbi ambayo mimi niliyeifuma
sikuwahi kujua kuwa ni mawimbi.

Thuweiba alichutama penye bonde,
akapitisha kidole, akarudi nacho, akapitisha tena.
"Hapa ndipo alipoachia?"
"Hapo."
Maji yamelipunguza. Hayakulimaliza.
Hakusema tulifumue, hakusema tuliache.
Alivua buibui, joto hilo, akaomba maji,
nikammiminia yaliyobaki mtungini, yale matamu.

Kunguru alishuka ukingoni, akatutazama kwa jicho la upande,
akaondoka na pini. Tulicheka mpaka mtoto akapanda kutuuliza.

Alasiri tukachomoa. Shali ilibaki vile vile,
imekaa wazi bila kushikwa na mtu.
Nikahesabu pini: arubaini.
Moja ni ya kunguru, hiyo nimeiona.
Ya pili Thuweiba aapa hana.

Godoro ni langu mimi.
Usiku ukifika nitaijua ilipo.